Anayetaka kusomea kina cha dunia asivunjwe moyo

Kwako Mhariri,

Msimu wa kuchagua masomo unapofika, wazazi hutujia sisi walimu wakiwa na orodha yao tayari: udaktari, uhandisi, uanasheria, na siku hizi kompyuta. Msimu uliopita, katika kikao cha wazazi huku Subukia, mwanafunzi mmoja wa kike alisimama akasema kwamba angependa kuwa mwanajiofizikia, ili achunguze jinsi mabamba ya gandunia, yaani vile vipande vikubwa vigumu vinavyounda sehemu ya juu ya dunia, yanavyozama na mahali yanakoishia ndani ya koti la dunia, lile tabaka nene la miamba lililo chini ya ganda tunalolikanyaga. Alijibiwa kwa upole, lakini jibu lenyewe lilikuwa baya. Aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya Japani na Chile, kwamba Kenya haina bamba linalozama, na kwamba elimu ya namna hiyo haina mshahara. Nimefundisha fizikia na jiografia katika kaunti hii kwa miaka mingi, nami naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini naupinga ushauri huo, kwa sababu najua kwamba hautolewi Subukia peke yake.

Naanza na mwaka 1928, ambao una uzito wa pekee kwetu. Tarehe 6 Januari mwaka huo ardhi ya hapa Subukia ilipasuka kwa tetemeko lililokadiriwa kuwa na ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa nchini Kenya, na mpasuko wake ulitokeza juu ya ardhi kwa karibu kilomita 38 kufuata ukingo wa Laikipia na Marmanet. Mwaka huohuo kijana wa Kijapani aitwaye Kiyoo Wadati, aliyekuwa na umri wa miaka 26 hivi, alichapisha makala kuhusu matetemeko ya karibu na uso wa ardhi na yale ya kina kirefu. Wadati hakuwa profesa. Alikuwa mtumishi wa kituo kikuu cha hali ya hewa mjini Tokyo, na kazi yake ilihusu kusoma karatasi za mitambo ya kupima mitetemo zilizokuwa zikiletwa kutoka vituo vilivyotapakaa kote nchini mwake.

Inafaa kueleza alichokifanya, kwa kuwa mwanafunzi wa sekondari anaweza kukifuata hatua kwa hatua. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili kupitia miamba. Ya kwanza husukuma na kuvuta, nayo huenda kasi. Ya pili hutikisa upande kwa upande, nayo huchelewa. Mkaazi wa Kakamega anajua kwamba mwako wa radi huonekana kwanza, kisha ngurumo husikika, na kwamba kadiri muda baina yao unavyorefuka ndivyo radi ilivyopiga mbali. Mawimbi ya tetemeko nayo hueleza umbali kwa njia hiyo. Tetemeko likianzia karibu na uso wa ardhi, kituo kilicho juu yake hupata mawimbi yote mawili karibu kwa pamoja. Wadati aligundua kwamba katika baadhi ya matetemeko ya Japani hapakuwa na kituo hata kimoja kilichopata tofauti ndogo. Hata kituo kilichokuwa karibu zaidi kilipata wimbi la pili makumi ya sekunde baada ya lile la kwanza. Hilo liliweza kuwa na maana moja tu, kwamba chanzo kilikuwa chini sana, zaidi ya kilomita 300, katika kina ambacho wataalamu wengi wa wakati huo walishikilia kwamba tetemeko haliwezi kutokea. Herbert Turner wa Oxford alikuwa amedokeza jambo hilo mwaka 1922 na hoja yake ikatiliwa shaka. Karatasi za Wadati ziliondoa shaka hiyo.

Hakuishia hapo. Kufikia mwaka 1935 alikuwa amechora ramani iliyoonyesha kwamba vyanzo hivyo vya kina kirefu havikutawanyika ovyo, bali vilishuka kwa mteremko kutoka upande wa Bahari ya Pasifiki kuelekea chini ya bara la Asia. Hugo Benioff wa Marekani, fundi hodari wa kuunda mitambo ya kupima mitetemo, alionyesha jambo hilohilo kwenye kingo nyingine za bahari katika miaka ya 1940 na 1950, na hadi leo mteremko huo unaitwa kwa majina ya hao wawili. Hata kipimo cha ukubwa wa matetemeko ambacho Charles Richter alikitunga mwaka 1935 kilitokana na mbinu ya uchoraji aliyoikuta katika kazi ya Wadati. Kijana huyo alipanda ngazi hadi akawa mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa la Japani, na alifariki mwaka 1995 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90. Ninaposikia mzazi akisema kwamba kusoma mitetemo hakumfikishi mtu popote, huyo ndiye humkumbuka.

Aliyenyamazishwa katika kikao kile alikuwa msichana, kwa hiyo nitamtaja pia Inge Lehmann wa Denmark. Mwaka 1936, akifanya kazi Copenhagen mbali na mipaka ya mabamba yenye matetemeko makubwa, alitumia rekodi za tetemeko la New Zealand la mwaka 1929 kuonyesha kwamba ndani ya kiini cha dunia mna kiini kingine. Denmark haina bamba linalozama. Aliyafikia hayo kwa sababu nchi yake ilikuwa na mitambo iliyotunzwa, na kwa sababu alizisoma rekodi kwa uangalifu kuliko wengine waliokuwa nazo.

Ramani za Wadati na Benioff zilionyesha mteremko, lakini hazikuonyesha ni kitu gani kilichokuwa kikishuka. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1960. Marekani iligharimia mtandao wa vituo zaidi ya 100 duniani, lengo kuu likiwa kutambua majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyokuwa yakifanywa chini ya ardhi, na Nairobi ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo. Naomba msomaji azingatie hilo: rekodi zilizotoka katika mji mkuu wetu ziliingia katika hazina ambayo wanasayansi waliitumia kuthibitisha kwamba mabamba ya dunia husogea. Wakati huohuo Jack Oliver na Bryan Isacks waliweka mitambo katika visiwa vya Tonga na Fiji. Tetemeko la kina kirefu lilipotokea baina ya visiwa hivyo, mawimbi yaliyopanda kuelekea Tonga yalifika yakiwa makali, na yale yaliyoelekea Fiji yalifika yakiwa yamefifia sana. Maelezo yao, waliyoyachapisha mwaka 1967, ni kwamba mawimbi ya Tonga yalipanda kupitia kipande kigumu na baridi cha mwamba chenye unene wa kilomita 100 hivi, na yale ya Fiji yalipita katika miamba yenye joto inayoyanyonya nguvu. Kipande hicho kilikuwa sakafu ya Bahari ya Pasifiki ikizama ndani ya koti la dunia. Mwaka uliofuata wawili hao, wakiwa pamoja na Lynn Sykes, waliukusanya ushahidi wa matetemeko ya dunia nzima katika makala moja ambayo hadi sasa inahesabiwa kuwa nguzo ya fani hii.

Nafika sasa kwenye hoja niliyoisikia mara nyingi zaidi, kwamba mabamba yanayozama hayatuhusu kwa kuwa sisi tuko kwenye Bonde la Ufa, ambako ardhi hutanuka. Naiona hoja hii kuwa dhaifu kuliko zote. Mwaka 1975 Donald Forsyth na Seiya Uyeda walilinganisha mabamba yote makubwa, wakaona kwamba yanayokwenda kasi ni yale yenye kingo ndefu zinazozama. Sehemu iliyozama ni baridi na nzito kuliko miamba inayoizunguka, kwa hiyo huivuta sehemu iliyobaki juu. Hiyo ndiyo nguvu kubwa inayoyasogeza mabamba ya dunia. Hebu mwanafunzi aitazame ramani ya Afrika akiwa na ujuzi huo. Bara letu limezungukwa karibu pande zote na migongo ya katikati ya bahari, ambako sakafu mpya ya bahari huzaliwa, na sehemu yake inayozama iko kaskazini tu, chini ya Mediterania upande wa Ugiriki na Italia. Hakuna bamba lililozama mashariki na jingine magharibi yanayolivuta bara hili hadi lichanike katikati. Kwa nini basi linachanika Nakuru, milimita chache kila mwaka? Hilo ni swali la kweli ambalo wanajiofizikia bado wanalifanyia kazi, na mtu hawezi hata kuliuliza ipasavyo kama hajasomea uzamaji wa mabamba.

Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya miguu yetu. Katika miaka ya 1985, 1990 na 1994 wanasayansi wa Kenya, Ulaya na Marekani walifanya uchunguzi mkubwa wa Bonde la Ufa kwa kulipua baruti, mingine ya milipuko hiyo ikifanyiwa ndani ya maji ya Ziwa Turkana, na kuyasikiliza mawimbi yake kwa mamia ya mitambo iliyopangwa kwa mistari mirefu, mmoja ukiwa umetoka upande wa Ziwa Victoria kuelekea mashariki. Walikuta kwamba ganda la dunia lina unene wa kilomita 35 hivi eneo la Naivasha, lakini chini ya Turkana limebaki kilomita 20 tu. Walikuta pia kwamba mawimbi yaliyopita juu kabisa ya koti la dunia, chini ya katikati ya bonde, yalikwenda kwa kasi ya kilomita 7.5 hadi 7.7 kwa sekunde, na pembeni yalizidi kilomita 8. Kupungua huko kwa kasi ni dalili ya miamba yenye joto kali, mingine ikiwa imeanza kuyeyuka. Tafiti za baadaye zimelifuata joto hilo chini zaidi, hadi kwenye eneo kubwa la mawimbi yaendayo polepole lililo chini ya kusini mwa Afrika, kwenye mpaka wa koti na kiini, karibu kilomita 2,890 kutoka hapa juu. Wako watafiti wanaoshikilia kwamba mabamba yaliyozama zamani pembezoni mwa bahari kuu, yakashuka mpaka chini kabisa, ndiyo yaliyolisukuma joto hilo likakusanyika chini ya Afrika. Wako wanaolikataa jambo hilo. Mimi naliona kuwa mjadala mzuri kupita mingi inayojaza magazeti yetu, na nasikitika kwamba sauti za Wakenya ndani yake ni chache mno.

Isitoshe, si kweli kwamba nchi hii haijawahi kuwa na bamba lililozama. Kule Pokot Magharibi, katika milima ya Sekerr, kuna miamba ambayo wanajiolojia wameitambua kuwa mabaki ya sakafu ya bahari. Bahari hiyo, ambayo wanaiita Bahari ya Msumbiji, ilifungika takriban miaka milioni 600 iliyopita, sakafu yake ikazama na nchi kavu za pande zake mbili zikagongana, na vipande vichache vikabanwa na kusukumwa juu badala ya kushuka na vingine. Wanafunzi wetu husafirishwa kwa basi hadi Mombasa kuiona bahari. Ningependa walimu wa Kitale na Kapenguria wawapeleke wao Sekerr, wakaguse mwamba ambao uliwahi kulala chini ya bahari nyingine kabisa.

Mabamba yanayozama hubeba maji pia. Sakafu ya bahari hunyonya maji kwa mamilioni ya miaka, na inapofika kina cha kilomita 100 hivi maji hayo huvukizwa kutoka ndani ya madini, yakaingia katika miamba ya juu yake na kuifanya iyeyuke kwa joto dogo kuliko kawaida. Volkeno za Japani, Indonesia na Andes zilizaliwa hivyo. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba katika almasi ndogo kutoka Brazil kulipatikana chembe ya madini yaitwayo ringwoodite, ambayo huundwa katika kina cha kilomita 520 hadi 660, na ndani ya chembe hiyo mlikuwa na maji kwa zaidi ya asilimia moja ya uzito wake. Niliwaeleza wanafunzi wangu habari hiyo, na maswali yao hayakuisha hata kengele ilipolia.

Kwa wale wanaodai faida ya moja kwa moja, sitakwenda mbali. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya Bahari Hindi iliyokuwa ikizama chini ya Sumatra iliteleza ghafla kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na mawimbi yake yakafika pwani yetu zaidi ya muda wa saa 8 baadaye. Somalia walikufa mamia ya watu. Kenya alikufa mmoja, na sababu mojawapo ni kwamba habari zilitangulia na watu wakaondolewa ufuoni. Na hapa katika kaunti yetu, mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke Olkaria, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, na visima vya Menengai vilianza kuchimbwa mwaka 2011. Kabla ya kuchimba kisima cha mvuke, wataalamu husikiliza mitetemo midogo ya ardhi, hupima tofauti za nguvu ya uvutano na kuchunguza jinsi miamba inavyopitisha umeme. Mbinu hizo ndizo anazojifunza mwenye kusomea mabamba yanayozama. Anayesema kwamba elimu hiyo haina mshahara aende Olkaria akaulize nani anaelekeza mahali pa kuchimba.

Tulionja pia athari ya kukosa wataalamu wa kutosha wa kusema na wananchi. Mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mpana ulijitokeza karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok, na kwa siku kadhaa dunia nzima ilitangaziwa kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba kilichoonekana zaidi kilikuwa kazi ya maji yaliyosomba majivu laini ya volkeno, lakini maelezo yao yalifika yakiwa yamechelewa, na mengi yalitoka kwa wataalamu wa ng'ambo. Jirani zangu waliuza mbuzi wakijiandaa kuhama.

Sitaki kumdanganya mwanafunzi kwamba njia ni fupi. Ataanza na fizikia, jiolojia au hisabati, kisha shahada mbili zaidi, na miaka yake mingi ataitumia mbele ya kompyuta akitenganisha mtetemo wa kweli na kelele za malori, upepo na mawimbi ya ziwa. Atazika sismomita, yaani mitambo ya kupima mitetemo, katika mashamba ya watu na kurudi kuzikagua mara kwa mara, na atahitaji uvumilivu wa kungoja tetemeko ambalo hawezi kuliagiza. Mpango wa AfricaArray, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Penn State na Baraza la Jiosayansi la Afrika Kusini, umekuwa ukifundisha Waafrika kazi hii na kuweka vituo katika bara letu, kwa hiyo mlango upo. Kinachokosekana ni sisi wenyewe kuchangia kwa mpangilio.

Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni hili. Basari zetu huishia kwenye karo ya sekondari na shahada ya kwanza. Itengwe sehemu, hata ya mtu mmoja kwa mwaka, kwa ajili ya anayesomea uzamili au uzamifu katika jiofizikia. Kwa vyuo vikuu vya Egerton, Maseno na Masinde Muliro naomba washirikiane kuziwekea shule chache za kaunti zao sismomita za bei nafuu, ambazo siku hizi huunganishwa na kompyuta ya kawaida, ili mtoto wa Njoro au Kisumu aone kwenye skrini ya darasa lake tetemeko la Tonga likifika. Na kwa kuwa tarehe 6 Januari 2028 zitatimia karne moja tangu ardhi ya Subukia ipasuke, naomba serikali ya kitaifa na ya kaunti ziafikiane mapema kujenga kituo cha kudumu papa hapa Subukia, chenye mtu aliyeajiriwa kukitunza, umeme usiokatika, na rekodi zilizo wazi kwa kila mwalimu na mwanafunzi atakayezihitaji. Kiwanja kinaweza kupatikana katika shule yoyote ya umma iliyo mbali kidogo na barabara kuu, na niko tayari kuwaonyesha wahusika maeneo yanayofaa.

Wako,
Mwalimu wa fizikia na jiografia,
Subukia, Kaunti ya Nakuru